Uliza Mwalimu: Linki zangu 87 zimezama Mokowe

Haya walimu wenzangu karibuni tena. Mwezi huu maswali yamekuja ya kila aina lakini nikiyakunjua naona karibu yote yanarudi pale pale, mwalimu ameona kitu kizuri kwenye intaneti, amekiweka mahali, afu siku ya kutayarisha somo hakioni. Basi nimeyaweka pamoja. Yule aliyeuliza habari ya uhamisho nitamjibu mwezi ujao, asininunie.

Assalaam alaykum mwalimu. Mimi nafundisha Gredi 5 huku Faza. Nilikuwa na tabia ya kujitumia linki mwenyewe WhatsApp, ile chati ya kujiandikia, nikiona video ya mikoko natupa pale, nikiona picha za sayari natupa pale, mpaka nilikuwa nshafika linki 87. Juzi nashuka boti Mokowe simu ikanitoka mfukoni tubwi! ndani ya maji. Laini nimerudishiwa na simu nimepata nyingine lakini linki hazikurudi, sikuwa nimeweka bakapu. Saa hizi skimu za muhula, ile mipango ya masomo ya wiki kwa wiki, zangojewa na mimi nko mikono mitupu. Kuna mtu kaniambia ziko apu za kuweka linki ambazo simu ikifa zenyewe hazifi. Ni kweli? Na mwalimu wa kawaida aziweza?
Mwalimu wa Gredi 5, Faza

Wa alaykumu salaam na pole sana, gati ile ya Mokowe simu ilizomeza ni nyingi, hauko peke yako. Ni kweli ziko na waziweza. Lakini kabla ya apu nikuulize swali la chuki kidogo: katika hizo 87, ngapi uliwahi kuzifundishia? Mimi mwaka mmoja nilikaa nikahesabu zangu, zilikuwa zaidi ya mia mbili, na zilizoingia darasani hazikufika kumi na tano. Zile zingine nilikuwa nazifungua naziangalia nasema hii niliiweka ya nini? Ndo maana nakwambia bahari imekuchukulia simu, linki nyingi zilikuwa zishazama zamani.

Sasa nikueleze kitu chenyewe. Ukifungua brauza ya Chrome iliyowekwa Kiswahili utaona neno alamisho, ile nyota ya kuweka ukurasa ili uurudie. Hiyo ni alamisho ya kwako peke yako na kama hujaingia na akaunti basi inakaa kwenye simu hiyo hiyo, simu ikienda nayo imekwenda. Alamisho za pamoja ni zile ambazo linki unaiweka kwenye tovuti, unaingia kwa imeili na pasiwedi kutoka simu yoyote, hata ya jirani, hata kompyuta ya saiba, na ukitaka wenzako nao wanaziona na wanaongeza zao. Jambo hili si geni. Mwaka 2003 kijana mmoja Marekani, Joshua Schachter, alikuwa na linki zake chungu nzima akaanzisha tovuti ikaitwa Delicious, watu wakawa wanaweka linki na kuzibandika majina, hayo majina ndo tunaita tagi. Walimu wa huko waliipenda mapema sana kwa sababu mwalimu wa mji huu aliweza kuona mwenzake wa mji mwingine anatumia nini kwa somo lile lile.

Tofauti ya tagi na folda ushike hapa maana ndo utamu wote uko hapa. Folda ni kama kabati la stafurumu, kitabu kikikaa rafu ya Sayansi basi kwa Masomo ya Jamii hakipo. Tagi ni kama kukibandika kitabu karatasi tatu, ukiita mikoko kinakuja, ukiita gredi5 kinakuja, ukiita video kinakuja, ukiita mikoko na video pamoja kinakuja kikiwa na vile viwili vitatu tu unavyovitaka usiku saa nne na taa inataka kuzimika.

Lakini sasa tagi peke yake haitoshi, na hapa ndo nagombana na walimu wengi. Kila apu ina kisanduku cha maelezo chini ya linki na kila mtu anakiacha tupu. Usikiache. Andika pale pale unapoiweka, si kesho, kwa maneno yako, kwa nini umeiweka na itaingia wapi katika somo. Nikupe mfano wa video kama hiyo yako ya mikoko, mimi ningeandika hivi:

"Gredi 5 mazingira. Ndefu, onyesha kuanzia dakika ya 2 mpaka ya 4 basi. Kabla ya kuonyesha uliza: mbona mti huu haufi na maji ya chumvi? Mizizi inayochomoza matopeni kama penseli ni ya mchu na mlilana, video haitaji majina yetu, waache watoto wataje wenyewe mkoko, mchu, mkandaa, mlilana. Baadaye watoke walambe jani la mchu wasikie chumvi. Kiingereza chake ni cha haraka, zima sauti ueleze mwenyewe."

Umeona? Hapo andalio la somo lishajiandika nusu. Swali dadisi unalo, shughuli unayo, nyenzo unayo, kilichobaki ni kuhamishia kwenye safu zake. Ile kulamba jani si mchezo, mchu kweli hutoa chumvi kupitia majani yake na ukiangalia mchana wa jua utaona chembe zinang'aa juu yake. Na watoto wa Faza watakufundisha wewe, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti yetu hii ya Lamu, baba zao na babu zao wamekata boriti tangu hujazaliwa.

Kwa hivyo usijaribu kuzitafuta tena zote 87. Chukua skimu yako ya muhula, angalia mada ndogo za wiki tatu za kwanza tu, kwa kila moja tafuta linki moja au mbili, zifungue mwanzo mpaka mwisho, andika maelezo, weka. Linki ambayo hukupata la kuiandikia iache iende zake. Na linki ya kwanza kabisa kuiweka iwe ya KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, pale penye kurikulamu dizaini za gredi yako. Nasema linki, sisemi ile PDF inayozunguka kwenye magrupu, maana dizaini zilipunguzwa na kupangwa upya 2024 na mpaka leo nawaona walimu wanaandika skimu kwa PDF ya zamani waliyotumiwa na rafiki wa rafiki, mwenyewe hajui kama imepitwa.

Hujambo mwalimu. Sisi ni walimu wanne wa Masomo ya Jamii huku Malindi, shule tofauti lakini tunapanga skimu pamoja. Mmoja anataka tutumie Pinterest, mwengine anasema Diigo, mwengine anasema kuna Raindrop, mimi nataka amani tu. Tushike ipi? Na isiwe ya kulipia tafadhali.
Mwalimu mchanga, Malindi

Mwanangu amani hutaipata kwa walimu wa Masomo ya Jamii lakini tujaribu.

Pinterest yule mwenzenu hajakosea sana, ni nzuri kwa picha, ukitaka mfano wa chati ya ukutani au kazi za mikono za watoto wadogo wa PP1 na PP2 hakuna kama yeye. Shida yake unaingia kutafuta ramani ya mvua unatoka saa mbili baadaye na mitindo ya mapazia. Kwa somo la historia ambalo mnataka kusoma ukurasa wenyewe si picha, simpendekezi.

Diigo ni wa tangu 2006, kazi yake kubwa ni kwamba unaweza kupiga rangi sentensi juu ya ukurasa wenyewe kama unavyopiga kwa kalamu kitabuni, na kubandika kikaratasi cha maoni, na mkiwa grupu moja wenzako wanaona ulipopiga rangi. Kwa kupanga skimu pamoja hii ni kubwa, maana hamtumiani ukurasa mzima mkaambiana someni, mnatumiana aya mbili. Ana pia akaunti za walimu. Sura yake ni ya kizamani na kwenye simu anasumbua, anapendeza kwenye kompyuta.

Raindrop alitengenezwa na kijana wa Kazakhstan, Rustem Mussabekov, ni msafi machoni, simu na kompyuta vinakubaliana, bila kulipa unaweka linki kadiri upendavyo na mkusanyiko mmoja mnaweza kuumiliki wanne. Vitu kama kutafuta neno ndani ya kurasa zenyewe na kuwekewa nakala ya ukurasa usipotee hivyo ndo vya kulipia. Wakelet ambaye hamkumtaja ni wa Manchester kule Uingereza, huyo mimi namtumia si kwa kupanga bali kwa kuwapa watu, unapanga linki zako juu chini na maelezo katikati inakuwa kama ukurasa mmoja mzuri, unamtumia mzazi au mwanafunzi wa sekondari linki moja tu.

Mimi ningekuwa nanyi? Raindrop. Na mkishindwa kukubaliana fungueni jedwali moja la Google, safu ya kwanza linki, ya pili mada ndogo, ya tatu maelezo, ya nne nani ameiweka na lini, basi. Watu wanne hawahitaji mashua kuvuka mfereji. Mkiwa ishirini hapo jedwali litawashinda na mtataka tagi.

Hiyo safu ya lini msiidharau. Mko Malindi, Gede, ule mji wa kale wa magofu, iko hapo mlangoni kwenu, najua mtaiweka. Sasa ukurasa wa 2022 utawaambia kwamba kwa upande wa pwani urithi wa dunia wa UNESCO ni Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, makaya ya Wamijikenda 2008 na Ngome ya Yesu 2011, inaishia hapo. Ukurasa haukusema uongo, umezeeka tu, Gede nayo iliingizwa 2024. Mwalimu asiyeangalia tarehe atawaandikisha watoto daftarini kwamba Gede haimo, na mtoto mmoja ambaye mjomba wake anaongoza watalii pale atanyanyua mkono, hapo utajua hujui. Hali kadhalika mkiweka habari ya yule twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415, kurasa zipo nyingi na nyingine zimetiwa chumvi, andikeni kwenye maelezo kipi mtatumia na kipi mtaruka.

Mwalimu, mimi ni mkuu wa idara. Tulifungua mkusanyiko wa shule nzima, nikafurahi, baada ya muhula mmoja umekuwa jaa. Linki mia tatu na zaidi, tagi ndo usiseme, mmoja ameandika mmea, mwengine mimea, mwengine MIMEA, mwengine plants, mwengine ameandika "nzuri sana". Nikitafuta mmea naona saba, kumbe ziko arobaini. Nifanyeje bila kugombana na watu?
Mkuu wa idara, Amu

Hahaha huyo wa "nzuri sana" yuko kila shule, tena mwenzake ni yule wa "baadaye".

Hili lako ni jambo la lugha yetu zaidi kuliko la kompyuta na wallahi sijaona mtu akilisema. Hizi apu zimetengenezwa na watu ambao neno kwao linabadilika mwishoni, wao wakiongeza herufi moja mwisho wa neno bado linakaa jirani na ndugu yake kwenye orodha. Sisi neno letu linabadilika mbele. Mmea na mimea, mji na miji, jino na meno, ukuta na kuta, ukianza kuandika mm apu haikuonyeshi mi. Kwa hiyo kanuni ambayo mwalimu wa Uingereza anaweza kuishi bila yake sisi hatuwezi: idara ikae chini ichague umoja au wingi, moja, na isiguswe tena. Mimi nachagua wingi kwa vitu, mimea, wanyama, miji, samaki hana tabu huyo, na kwa maneno ya dhana nafuata dizaini neno kwa neno kama lilivyoandikwa, hata kama silipendi.

Herufi ndogo zote. Gredi iandikwe imeshikana na namba, gredi4, gredi5, kwa sababu apu nyingine ukiacha nafasi inafanya tagi mbili, unapata tagi moja ya gredi na nyingine ya 5 inayokaa kama yatima. Lugha ya ukurasa nayo iwe tagi, kiswahili au kiingereza, hii utaishukuru siku unatafuta kitu cha Kiswahili na kila kinachokuja si cha Kiswahili. Na sisi Waamu, watu wa Lamu, tukubali yaishe, tagi ziwe za Kiswahili cha vitabuni, mwalimu mgeni aliyetumwa kutoka bara hatajua kwamba muyi ni mji, akitafuta hataiona na tumemnyima bure.

Orodha isizidi tagi thelathini. Iandike karatasi moja ibandike stafurumu karibu na birika la chai, hapo kila mtu atasoma apende asipende.

Sasa kuhusu jaa lenyewe, usilisafishe peke yako, utaugua. Mkutano wa idara ukifika gawa, kila mwalimu zake mwenyewe, linki isiyo na maelezo mpaka mwisho wa mwezi inafutwa, mwenyewe asiseme hakuambiwa. Najua unaogopa kugombana na watu. Kwangu mimi kulikuwa na mzee mmoja alikataa kata kata kuandika maelezo, anasema linki inajieleza. Sikubishana naye, niliomba tu mwalimu mwingine afundishe kwa kutumia linki za mzee kipindi ambacho mzee hayupo. Yule kijana alifungua sita, mbili zimekufa, moja ya kulipia, moja ni ya madaktari, alirudi amekasirika akamwambia mwenyewe. Tangu hapo mzee anaandika maelezo marefu kuliko wote, mengine mpaka na mashairi.

Mwalimu huku kwetu Kizingitini mtandao unakuja na kuondoka kama upepo na bando lenyewe natoa mfukoni. Linki zina faida gani kama darasani hazifunguki?
Mwalimu wa sayansi, Kizingitini

Faida iko nyumbani si darasani. Usitegemee hata siku moja kufungua linki mbele ya watoto, hata Malindi mjini usitegemee. Linki ni yako wewe ya kutayarishia, ukishapata mtandao, usiku au ukienda Amu, fungua zile za wiki inayokuja, Chrome ya simu ina kialama cha kudaunlodi ukurasa ukausoma bila bando, au uihifadhi kama PDF. Kwenye maelezo andika "nimeshadaunlodi" ujue.

Afu kuna kitu kinaitwa Kiwix, ni apu ya bure, unaiwekea Wikipedia nzima ndani ya simu au kompyuta, ya Kiswahili iko na ni ndogo kuliko ya Kiingereza kwa mbali sana. Ukishaidaunlodi mara moja umemaliza, haikuombi mtandao tena. Kwa sayansi ya gredi za kati makala za Kiswahili nyingine ni fupi mno, nakwambia ukweli, lakini kwa wanyama, sayari na nchi utapata pa kuanzia.

Hizi apu nazo si zinakufa? Nimesikia watu wamepoteza kila kitu.
Mwalimu, Watamu

Zinakufa. Delicious niliyoitaja hapo juu ilinunuliwa na Yahoo 2005, ikauzwa 2011, ikauzwa tena na tena, 2017 ikanunuliwa na mwenye Pinboard, tovuti nyingine ya linki, akaifunga isipokee linki mpya. Alamisho za Google zile za zamani zilifungwa 2021. Pocket ya Mozilla, iliyokuwa na watu wengi mno, ilifungwa Julai 2025. Kwa hiyo hujasikia uongo.

Lakini waliopoteza ni wale ambao hawakutoa nakala. Karibu kila apu hizi, ukiingia kwenye mipangilio kuna pahali pa kuhamisha nje, unapata faili moja la HTML ambalo brauza yoyote au apu nyingine yoyote ya aina hii inalipokea, pamoja na tagi mara nyingi. Fanya hivyo siku ya kufunga shule kila muhula, faili jitumie kwa imeili, ni jambo la dakika mbili. Mimi mwenyewe apu moja ilinifia mkononi miaka ya nyuma, imeili ya kutuonya ilikuja ikaangukia kule kwenye taka, sikuiona mpaka siku nimeenda kufungua naambiwa kwaheri. Nilikuwa na nakala ya miezi minne nyuma. Nilipoteza ya miezi minne, nikalia kidogo nikanyamaza.

Na ukurasa wenyewe pia hufa, linki yako nzima lakini aliyeuandika ameufuta. Kwa ule unaoutegemea kila mwaka nenda Wayback Machine, ile hazina ya Internet Archive, kuna kisanduku cha kuhifadhi ukurasa, bandika linki, wanaupiga nakala wenyewe, afu weka linki zote mbili.

Naomba ushauri. Mwenzangu anaweka picha za watoto wakiwa darasani kwenye mkusanyiko wetu ili "kuonyesha somo lilivyokwenda" na mkusanyiko uko wazi kwa kila mtu. Mimi roho haitulii.
Mwalimu wa kike, Malindi

Na isitulie dadangu. Picha za watoto zitoke leo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kwa mtoto unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, hata nia iwe njema vipi. Mwambie mwenzako kwa upole apige picha ya chati waliyochora, ya udongo waliofinyanga, ya ubao, somo litaonekana bila sura ya mtu. Na mkusanyiko wa kupangia kazi uwe wa faragha, ule wa wazi uwe ni mwengine wa kuwapa wazazi.

Mwalimu hedi wetu anataka maandalio ya somo ya karatasi, kwenye faili, na safu ya nyenzo ijazwe. Linki nimeandika kwa mkono mstari na nusu, herufi na namba na alama za ajabu, hedi akauliza hii nini, uchawi? Nifanye nini?
Mwalimu wa Gredi 7, Lamu Magharibi

Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Hedi hana makosa, karatasi haibonyezwi.

Kwenye safu ya nyenzo usiandike linki, andika jina la kitu kama kilivyo na tagi zake, kwa mfano: "video: mizizi ya mikoko, dakika 2 hadi 4, tagi mikoko gredi7". Wewe ukifungua apu na kuita tagi hizo inakuja, na anayekukagua anaelewa umepanga nini. Ukitaka kumfurahisha zaidi, kwenye Chrome ukibonyeza kushiriki ukurasa utaona msimbo wa QR, kile kisanduku cha nukta nyeusi, kiprinti kidogo kidogo kama stampu ukibandike pembeni ya andalio. Hedi aelekeze kamera ya simu, ukurasa unafunguka wenyewe. Mjaribishe kwanza na linki fupi yenye picha, na siku hiyo hakikisha bando liko kwenye simu ya hedi, si yako.